Sekunde Kumi na Nane za Mzee Mwangoka

Nakala ya barua ilikuwa na mistari sita tu, lakini Tusajigwe aliisoma mara tatu akiwa amesimama, na kila alipofika mwisho alitamani aliyeiandika awe mbele yake amzabe kofi.

"Kwa kuwa kipimo alichokileta usiku wa ugunduzi kilithibitika kuwa kibovu, na kwa kuzingatia umri na hali ya macho yake, Mwangalizi Mkuu Asangalwisye Mwangoka anapumzishwa kazi kuanzia leo." Chini yake ilikuwepo sahihi ya Dokta Ndyamukama, mkurugenzi wa Kituo cha Anga cha Kitulo. Na chini zaidi, kwa herufi ndogo za kinafiki, kiambatisho: orodha ya vipimo vilivyokataliwa, imetayarishwa na T. Mwangoka, Mkokotoaji.

T. Mwangoka alikuwa yeye mwenyewe. Aliyekikataa kipimo ni yeye, na aliyefukuzwa kazi kwa ajili yake ni baba mkwe wake.

Huko Busokelo alikoolewa, mkamwana hamtazami baba mkwe usoni. Hasemi naye, hakai naye chumba kimoja, jina lake halitamki hata akiwa peke yake. Mijini watu walishaacha mambo hayo zamani na kuyacheka, lakini ukoo wa Mwangoka haukuacha, na Tusajigwe aliingia katika ukoo huo akiyajua. Basi kwa miaka kumi na mmoja wawili hao walifanya kazi juu ya mlima mmoja bila kuonana. Mzee alikesha usiku kwenye banda la darubini, yeye alishinda mchana kwenye chumba cha hesabu. Mzee alipoleta fomu yake asubuhi alikohoa mara tatu akiwa bado konani, Tusajigwe akajifunika kitenge na kugeukia ukutani, mzee akaitumbukiza fomu sandukuni na kwenda zake kulala. Alimfahamu kwa mwandiko tu: saba zake zenye mkia, nne zake zilizoachwa wazi juu. Ulikuwa mwandiko wa mtu asiye na papara, na Tusajigwe aliupenda.

Aliitupa barua mezani, akavuta kiti na kufungua faili la Ngosi.

Ngosi lilikuwa jina la jiwe. Watu wa kituo walilipa jina la ziwa la nyumbani kwa sababu wao ndio waliolivumbua, siku tisa zilizopita: asteroidi yenye upana wa mita arobaini, inayokuja moja kwa moja kutoka upande wa jua. Na sheria ya Baraza la Ulinzi wa Sayari ni moja kwa dunia nzima. Anayelivumbua jiwe ndiye anayekokotoa njia yake, na anayekokotoa ndiye anayetia sahihi. Sahihi ya Tusajigwe ilisema kwamba Ngosi litaanguka baada ya siku arobaini na moja katika Bahari ya Hindi, mahali pasipo na kisiwa wala meli. Dunia ikashusha pumzi. Baraza likaamua kutolipiga jiwe hilo kwa Nyundo, chombo chake cha angani cha kugonga mawe na kuyasukuma; liachwe lizame. Redioni walipiga muziki.

Kukokotoa njia ya jiwe si uganga. Unaliona hapa kwa saa hii, pale kwa saa ile, kisha unatafuta njia moja tu inayoweza kupita katika alama zote kwa wakati wake. Watu hudhani kazi ni kujua jiwe liko wapi. Kazi hasa ni kujua lilikuwa pale saa ngapi, kwa sababu jiwe linakimbia na dunia nayo inakimbia, na ukikosea saa umekosea kila kitu. Usiku ule wa kwanza Tusajigwe alipata vipimo vinne: vitatu kutoka kwa kamera za kujiendesha zilizo juu ya vilele vitatu, na cha nne kutoka kwa mzee na darubini yake ya kuzungushwa kwa mkono. Usiku wa pili nchi nyingine zilipata vichache, vibayavibaya, alfajiri ikiwa imeshapambazuka. Baada ya hapo Ngosi lilizama kwenye mwanga wa jua, na hakuna jicho wala rada ambayo ingeliona tena mpaka siku ya kufika kwake.

Kamera tatu zilikubaliana. Mzee alitofautiana nazo kwa sekunde tisa za pembe. Sekunde ya pembe ni kitu kidogo mno, digrii moja ya anga ina elfu tatu na mia sita, lakini kwa jiwe linalokuja tisa ni nyingi. Tusajigwe alikumbuka jinsi alivyokaa robo saa nzima siku ile, penseli mkononi. Angekuwa mwangalizi mwingine yeyote angemwita: hebu njoo kaka, hapa palitokea nini? Alijaribu kumpigia mumewe Ambakisye, aliyekuwa Mbeya, ili amuulize baba yake. Ambakisye hakupokea. Basi alichora mstari juu ya namba ya mzee, akaendelea.

Sasa aliirudia namba ileile kwa hasira, akitafuta angalau kisingizio cha kumtetea. Akagundua kitu ambacho siku ile hakukitazama. Zile sekunde tisa hazikupotea upande wa kushoto wala kulia. Zililala zote kwenye mstari wa mwendo wa jiwe, barabara kabisa, kana kwamba mzee aliliona jiwe lilelile mahali palepale kwa saa tofauti. Macho mabovu hayakosei hivyo. Ngosi usiku ule lilitembea nusu sekunde ya pembe kwa kila sekunde ya saa. Tisa kugawa kwa nusu.

Kumi na nane.

Mtu wa kazi hii anaijua kumi na nane kama anavyolijua jina la mama yake. Saa za setilaiti ziko mbele ya saa ya dunia kwa sekunde kumi na nane, na kila mashine inajua kuzipunguza. Lakini mashine iliyozimika umeme na kuwaka upya husahau. Kwa muda wa robo saa, mpaka ipokee taarifa kamili kutoka juu, huandika saa ya setilaiti kama ilivyo. Na kamera zote tatu zinachukua umeme kutoka waya mmoja na saa kutoka mtambo mmoja. Hazikuwa mashahidi watatu. Alikuwa shahidi mmoja aliyesema mara tatu, na yeye Tusajigwe, mwenye shahada mbili, akamwamini!

Alizipunguzia kamera sekunde kumi na nane, akamrudisha mzee, akaiamuru mashine ikokotoe. Vipimo vyote vinne vikalala juu ya njia moja bila kuachana hata unywele. Kisha alama nyekundu kwenye ramani ikaanza kusogea kuelekea magharibi. Ikaiacha bahari, ikavuka Kilwa, ikavuka Songea, ikasimama kati ya Tukuyu na Kyela.

Mama yake mzazi alikaa Ikuti. Shule ya mwanawe Gwamaka ilikuwa Lutengano. Bonde zima lilikuwa na watu laki sita, migomba yao na chai yao, na wote walikuwa wamesikia redioni kwamba jiwe linaanguka baharini.

*

Dokta Ndyamukama alikuwa anakunywa chai kando ya moto. Kitulo ni baridi hata saa sita mchana, na mkurugenzi, mtu wa Bukoba, hakuwahi kuizoea.

"Mama Gwamaka, karibu. Najua umekuja kwa ajili ya mzee. Nasikitika, kwa kweli nasikitika."

"Sikuja kusikitikiwa. Tumekosea njia ya jiwe."

Alimwekea ramani mbele ya kikombe. Dokta aliitazama, akatazama mlango kama umefungwa, kisha akaitazama tena. Hakuwa mjinga, na hilo ndilo lililomuudhi Tusajigwe zaidi. Alimwona akifika kwenye ile kumi na nane mwenyewe, bila kusaidiwa.

"Umeme haukukatika usiku ule," alisema taratibu. "Kumbukumbu ya kituo haionyeshi kitu."

"Kumbukumbu nayo inakula umeme huohuo, Dokta! Ikizimika, itaandika nini?"

"Hilo ni wazo. Si ushahidi." Alikiweka kikombe chini. "Sasa nisikilize, na usinipigie kelele. Nyundo ya Tatu iko tayari kule juu. Ni moja tu, na inaweza kuamriwa mpaka saa tisa alasiri ya leo. Ikishapita hapo haikutani tena na jiwe. Ikilipiga, inasogeza mahali pake pa kuangukia kilomita elfu moja na mia tatu kwenda mashariki. Haiwezi zaidi, haiwezi pungufu. Sivyo?"

"Ndivyo."

"Kama wewe na mzee mko sahihi, jiwe linatoka Tukuyu linakwenda baharini, tunashukuru Mungu. Kama kamera ndizo sahihi, na saa ya mzee ndiyo iliyochelewa hizo sekunde, basi jiwe liko baharini tayari. Tukilisukuma kutoka pale kilomita elfu moja na mia tatu, linatua wapi?"

Tusajigwe alishapima kwa rula kabla ya kuja.

"Shelisheli," alisema Dokta. "Kisiwa cha Mahe. Watu laki moja. Tutakuwa tumelitoa jiwe kwenye maji matupu tukawatupia watu vichwani, kwa mikono yetu, kwa sababu ya babu mmoja mwenye saa ya kubonyeza."

Tusajigwe alichukia kwamba maneno yale yalikuwa kweli. Laki sita upande huu, laki moja upande ule, na katikati sekunde kumi na nane ambazo ama zilikuwa za mashine ama za mzee. Yupo mtu mmoja tu aliyekuwa macho mlimani usiku ule na anayejua kama taa zilizimika.

"Si ukamwulize," alisema.

"Mimi? Ni baba mkwe wako."

"Ndiyo maana nakutuma wewe!"

Dokta alivaa koti, akatoka kwenye ukungu. Alirudi baada ya dakika ishirini akipangusa miwani, na Tusajigwe alipoiona sura yake alijua hakuna alichopata.

"Nimemuuliza kama kipimo chake ni sahihi. Anasema, kama mkamwana wangu amekikata, basi amekikata kwa sababu. Yeye hana neno."

"Na umeme? Umemuuliza habari ya umeme?"

"Alikuwa anafunga virago, Mama Gwamaka. Ana barua ya kufukuzwa mkononi, niliyoisaini mimi. Ulitaka nimhoji kama polisi?"

Tusajigwe nusura aipindue meza na chai yake. Mmoja anaogopa kuuliza, mwingine ana adabu mno asijibu, na yeye anayejua swali amekatazwa kulisema. Ukutani saa ilionyesha saba na robo.

Alitoka bila kuaga.

*

Banda la darubini lilikuwa ng'ambo ya uwanda, mwendo wa dakika kumi kwenye majani yenye umande usiokauka. Hakuwahi kulikaribia. Mlango ulikuwa wazi. Ndani, mtu mrefu aliyepinda mgongo kidogo alikuwa akifunga kamba kwenye sanduku la bati.

Hakubisha hodi. Hakukohoa. Hakujifunika.

Mzee alisikia hatua, akageuka, akamwona. Kisha mzee aligeukia ukuta upesi, akavua kofia na kuuziba uso wake nayo.

"Rudi," alisema kwenye kofia. "Mama Gwamaka, rudi ulikotoka. Neno lolote nitamwambia Ambakisye."

"Ambakisye yuko Mbeya na jiwe linakuja Tukuyu! Baba, nina swali moja tu. Usiku ule umeme ulikatika?"

Tusajigwe aliutazama mgongo ule, sweta lenye kiraka cha ngozi kwenye kiwiko, shingo yenye mvi. Miaka kumi na mmoja. Alingoja, akahesabu pumzi zake, akangoja tena. Mgongo haukusema kitu.

Hapo akapasuka.

"Unaninyamazia? Nimekuja kwa miguu yangu kuvunja mwiko wa watu wenu, nitaulizwa na Mungu na mababu zako wote, na wewe unaninyamazia? Basi laana na ije! Nimeshaibeba! Nijibu kwanza, kisha unilaani!"

Sauti yake iligonga bati la paa ikarudi. Hakuwahi kumfokea hata mtoto wa jirani namna ile. Alidhani mzee atatoka aende zake. Badala yake mzee alishusha kofia kidogo, akiwa bado ameukabili ukuta.

"Ulikatika," alisema. "Saa kumi na moja kasoro dakika tano. Radi ilipiga upande wa Matamba. Ukarudi saa kumi na moja na dakika mbili. Kamera zikaamka, nikazisikia zikizunguka. Mimi nililipima jiwe saa kumi na moja na dakika nane, dakika ileile ya kamera."

"Na saa yako?"

"Saa yangu haili umeme. Nailinganisha na redio ya betri, na vile vimlio vya saa. Nimefanya hivyo kabla ya kipimo, nikafanya tena baadaye. Ilikuwa sawa mara zote mbili." Alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka. Ulikuwa na daftari jeusi. "Imeandikwa humo."

Tusajigwe alilipokea. Ukurasa wa tarehe ile, saba zenye mkia, nne zilizo wazi: *Umeme umezimika saa 10.55. Umerudi 11.02. Kamera zimewaka upya, zisiaminiwe kwa robo saa.*

Zisiaminiwe kwa robo saa. Iliandikwa siku tisa zilizopita kwa wino wa bluu.

"Kwa nini hukuandika hili kwenye fomu?"

"Fomu haina mahali pa maelezo."

Kweli haikuwa napo. Fomu aliitengeneza yeye Tusajigwe, miaka mitatu iliyopita, akafuta nafasi ya maelezo ili karatasi ionekane nadhifu.

"Lakini ulisikia tangazo," alisema. "Ulisikia wakisema baharini. Mtu wa miaka arobaini kwenye darubini, si ulijua palepale kwamba kipimo chako hakimo?"

"Nilijua."

"Siku tisa!"

"Ningefanyaje, mama? Nije ofisini nikusute mbele ya watu, mkamwana wangu? Niseme umekosea?" Kofia ilikuwa imekunjwa mkononi mwake kama kitambaa cha kufutia vyombo. "Nikasema labda ni macho yangu. Mtu akizeeka anaambiwa ni macho, mwisho anaamini. Nikasema wewe umesoma, utakuwa umeona kitu nisichokiona."

"Sikuona kitu! Niliona namba ya baba mkwe nikaogopa kuuliza! Ni adabu gani hii, baba? Mimi nakuheshimu, wewe unaniheshimu, na watoto wa Lutengano wanakufa?"

Alilia, na hasira ilimzidi kwa sababu alilia. Hakujua amkasirikie nani kwanza. Mzee na ukuta wake, Dokta na miwani yake, Ambakisye asiyepokea simu, au ile penseli mkononi mwake mwenyewe iliyochora mstari ulionyooka sana. Alilibana daftari kifuani, akakimbia.

*

Saa nane na dakika arobaini, hesabu mpya ilikuwa tayari na ukurasa wa daftari umepigwa picha na kutumwa. Kwenye kioo kikubwa alionekana Bi Zuwena Mshangama, afisa wa zamu wa Baraza, mwanamke wa Kiunguja mwenye ushungi mweupe na macho yaliyochoka. Yeye peke yake alikuwa na ufunguo wa Nyundo. Alisoma kila kitu bila kuharakisha, wakati dakika zinakwisha, na Tusajigwe alimchukia na kumheshimu kwa jambo hilohilo.

"Haya, nimefahamu," alisema. "Saa za kamera nimezitazama huku kwetu, na kweli zimeruka. Tatizo ni sheria. Kipimo cha nne kilikataliwa kwa sahihi. Ili nikirejeshe, aliyekikataa anambie sababu ya kukikataa, kwa maandishi. Pana kisanduku hapo. Kijaze."

Kisanduku kilifunguka kwenye kioo. *Sababu ya kukataliwa kwa kipimo.*

Dokta Ndyamukama aliinama sikioni kwake. "Andika mwandiko haukusomeka," alinong'ona. "Haraka. Mzee ameshaondoka, haimdhuru tena. Ukiandika kosa lako watakunyang'anya sahihi, na kituo kitafungwa pamoja nawe. Watu ishirini na wawili wana kazi hapa."

Tusajigwe alimgeukia. "Mwandiko wake haukusomeka? Yule ambaye saba zake ningezitambua hata gizani?"

"Ni neno tu."

"Uliandika neno tu asubuhi, ukamfukuza nalo. Sasa unataka nimuue mara ya pili ili wewe usiaibike? Ondoka sikioni mwangu!"

Alisema kwa sauti, na kioo kilisikia. Bi Zuwena aliinua nyusi. Dokta alirudi nyuma mpaka ukutani.

Tusajigwe aliandika neno moja. Bi Zuwena alilisoma kwa sauti, kama sheria inavyotaka.

"'Sikumuuliza.' Hukumuuliza nani?"

"Mwangalizi. Ni baba mkwe wangu. Kwetu hatusemi naye. Kipimo chake kilikuwa kizima, na alikuwa na majibu yote, na nilikaa naye mlima mmoja siku tisa. Sikumuuliza."

"Wajua kama hili litasomwa na kila mtu? Na leo ndiyo mwisho wa sahihi yako?"

"Najua. Kirejeshe."

Bi Zuwena alibonyeza kitu. Kipimo cha nne kiligeuka kutoka kijivu kuwa cheusi, na alama nyekundu ikatua rasmi kati ya Tukuyu na Kyela. Saa ilikuwa tisa kasoro dakika sita. Mkono wa afisa ulisogea kwenye ufunguo, ukasita hapo.

"Mwanangu wa kike yuko Mahe," alisema. Sauti ilikuwa imebadilika, haikuwa tena ya ofisini. "Anasomesha skuli. Ana watoto wawili wadogo. Mimi kikazi siruhusiwi kumwambia kitu mpaka Baraza litangaze, na Baraza likitangaza hapatakuwa na ndege itakayomchukua. Lakini nikimpigia sasa hivi, aweza kuondoka. Nami nikimwondoa mwanangu nikaugeuza huu ufunguo, n'takuwa nimewafanyia nini wenzake?" Alimtazama Tusajigwe machoni. "Mashine zenu zanambia tisini na tisa kwa mia. Sikuulizi mashine. Nakuuliza wewe, uliyekwisha kosea mara moja. Nimwondoe?"

Tusajigwe alitaka kumfokea na yeye pia. Kwa nini mimi, kwa nini kila mtu anakuja kunishikisha watu wake. Ilikuwa rahisi kusema mwondoe, hakuna hasara. Lakini kumwondoa mmoja ni kusema kwamba hao wengine wanachezewa kamari. Aliufikiria ule mgongo wenye sweta la kiraka, na saa iliyolinganishwa na vimlio vya redio kabla ya kipimo na tena baadaye, ingawa hakuna aliyemwagiza mzee kufanya hivyo mara mbili.

Hasira haikuwa imemtoka. Ilikuwemo yote, na aliitumia kusimama.

"Mwache akae," alisema.

Bi Zuwena aliitikia kwa kichwa, akaugeuza ufunguo.